Shemeji wa Jumatano

Watu walimwita Dari, na yeye hakukasirika. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Mafundi rangi wapo wengi: wapo wa kuta, wapo wa milango na madirisha, na wapo wale wa kulipua kazi, wapokee chao watokomee. Lakini ukitaka dari nyeupe isiyo na michirizi wala mabaka, dari ambayo ukilala chali unaitazama mpaka usingizi unakuchukua, ulimtafuta yeye. Alifanya kazi na mwenzake mmoja, jamaa mrefu aliyeitwa Ngazi, na mafundi wengine waliwatania kwamba hao wawili wakitoka nyumbani wana kila kitu.

Sasa mfikirie fundi wa namna hiyo akiwa hawezi kunyanyua mkono wa kulia hata avue kofia yake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Siku moja, akioga, Dari aligusa kitu kigumu chini ya chuchu. Akakaa nacho kimya, kama wanaume wengi wanavyokaa na mambo ya miili yao, mpaka mkewe alipokigusa kwa bahati akapiga kelele. Mama huyo hakuwa na mchezo. Asubuhi ilipofika alimburuta mumewe hospitali kama mtoto anayekwenda kuchanjwa. Vipimo vikasema saratani ya titi. Dari akauliza kwa adabu kama majibu hayajachanganywa na ya mtu mwingine, maana yeye ni mwanaume, ndevu hizi hapa. Daktari akamjibu kwamba wanaume nao wana titi, dogo tu, na ugonjwa huo hauogopi ndevu.

Akapasuliwa, akatolewa na tezi za kwapani, akapata dawa za mishipani, akapigwa mionzi. Mwisho wa yote daktari akasema, "Hatuoni ugonjwa tena." Mkewe alilia kwa furaha pale koridoni mpaka nesi akamletea kiti.

Ugonjwa ukaondoka, lakini ukaacha bega limekaza na ngozi ya kifua imevutika. Mkono ukinyanyuliwa ulifika usawa wa kwapa, ukagoma. Ukaacha pia uchovu wa ajabu, uchovu ambao mtu analala nao na anaamka nao.

Na kulikuwa na aibu, hiyo sasa ya kujitakia mwenyewe. Ngazi na mafundi wote waliambiwa kwamba ni bega. "Niliteleza, bwana. Bega limeachia." Ngazi alipotaka kuja kumwona hospitali, aliambiwa wageni hawaruhusiwi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini Dari alijiambia maradhi yenyewe yamekwisha, sasa ya nini kujiumbua? Aliwajua mafundi wenzake. Mtu akivaa soksi zenye rangi mbili wanamcheka wiki nzima. Titi je?

Basi siku moja Ngazi akapita nyumbani, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Nimepata kazi ya ukumbi," alisema. "Mkubwa, dari yake huoni mwisho. Wa plasta bado wapo ndani, wakitoka tunaingia sisi. Nafasi yako naishikilia. Lakini ndugu yangu, sikufichi, ile dari siiwezi peke yangu. Kama bega halijakaa sawa itabidi nitafute mtu."

"Litakaa sawa," alisema Dari.

"Na mtu nikimpata, nitakaa naye. Siwezi kumwita leo, kesho nimfukuze."

"Nimekwambia litakaa sawa."

Alipoondoka, Dari alijaribu kunyanyua mkono. Ulifika palepale. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kupasuliwa, maana siku ile kazi ilikuwa ya daktari, na hii ilikuwa yake.

Jumatano iliyofuata akaenda hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ambacho daktari alikuwa amemwelekeza muda mrefu na yeye akawa anakipiga chenga. Alisukuma mlango. Ndani kulikuwa na wanawake tu. Wamekaa kwenye viti kwa duara, kila mmoja ameshika fimbo kwa mikono miwili, wameinyanyua juu ya vichwa vyao kama watu wanaoshusha nguo kwenye kamba.

"Samahani, kina dada. Nimekosea chumba," alisema, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Hujakosea," alisema mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni. Huyo alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wote walimwita Kocha. "Kiti chako kile pale. Kimekungoja mpaka kimechoka."

Dari alikaa shingo upande. Mama mmoja mwenye miwani, aliyekula chumvi ya kutosha, akamgeukia. Alikuwa mwalimu mstaafu, na ustaafu haukuwa umemtoa sauti ya darasani.

"Umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Basi mkeo ni dada yetu, na wewe ni shemeji yetu. Shemeji, shika fimbo."

Wote wakaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni mshonaji mmoja mnene waliyemwita Cherehani. Dari akacheka kidogo, kwa heshima. Kisha akanyanyua fimbo, ikafika mabegani, na machozi yakamlenga kwa maumivu. Hakuna aliyecheka hapo. Cherehani alisogeza kiti chake karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilianza sifiki hata hapo, Shemeji. Nilikuwa navalishwa blauzi na mwanangu."

Kocha alikuwa na mambo yake mawili matatu ambayo aliyasema kila Jumatano kama sala. La kwanza, uchovu wa matibabu haumalizwi na kitanda. Unamalizwa kwa kutembea, leo kidogo, kesho kidogo na chembe. La pili, bega halilazimishwi, linabembelezwa. La tatu, pumzika kabla hujachoka, kwa sababu ukishachoka umeshachelewa. Hilo la tatu Dari hakulipenda. Tangu ajifunze kazi hakuwahi kumwambia mtu kwamba amechoka, na alijivunia hivyo.

Mkewe aliposikia habari ya kutembea, mambo yalibadilika nyumbani. Mwanamke ambaye miezi yote alikuwa akimwekea mto mgongoni kama mama aliyejifungua, sasa alimnyang'anya mto. Chumvi ikiisha, Dari dukani. Chumvi ipo, Dari dukani kuuliza bei. Jioni walitembea pamoja mpaka mwisho wa barabara na kurudi, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba mapenzi ya wale wawili yameanza upya. Hawakukosea sana. Baada ya muda Dari aligundua kwamba anapanda ngazi za hospitali bila kusimama katikati kusoma matangazo asiyoyahitaji.

Mkono, hata hivyo, ulibaki kuwa kesi. Kocha alikuwa amempa zoezi la kufanya nyumbani. "Simama uso kwa ukuta. Weka vidole, uvipandishe polepole kama buibui. Ukifika mwisho, shika penseli kwa mkono wa pili, weka alama. Kesho jaribu kuipita."

Zoezi alilifanya, tena kwa bidii. Alama aliiweka. Tatizo ni kwamba ukuta ulikuwa wa sebuleni kwake, mweupe, alioupaka mwenyewe, na Dari hakuwa mtu wa kukaa chakula kinaandaliwa huku mstari wa penseli unamkodolea macho. Akimaliza zoezi alichukua kopo na brashi, akaufunika. Kila siku. Mkewe alimwona na hakushangaa, maana alishaishi na mwanaume anayefuta vitasa vya milango kwenye nyumba za watu.

Kwa hiyo Kocha alipouliza, "Alama imefika wapi, Shemeji?" yeye alijibu: "Palepale." Na aliamini hivyo. Mtu aliyezoea kugusa dari, mkono wake ukipanda upana wa kidole anaona nini? Kila siku alisimama mbele ya ukuta msafi, na kila siku alianza upya kama mtu ambaye hajawahi kuanza.

Siku moja Ngazi akapiga simu. "Wa plasta wanamalizia. Wiki ijayo tunaingia. Vipi?"

"Nitakupigia," alisema Dari, na hakupiga. Jumatano hiyo hakwenda mazoezini. Alimwambia mkewe kwamba anaumwa kichwa, akakaa sebuleni akiutazama mlango. Alikuwa amekata tamaa, na alijua kabisa kwamba ndiyo hali yenyewe, wala hakujidanganya kwa jina lingine. Fundi wa dari asiyenyanyua mkono atafanya nini? Atachora maua chini ya meza?

Mchana hodi ikapigwa. Mwalimu na Cherehani walikuwa wamesimama mlangoni, wanahema kwa sababu walikuja kwa miguu.

"Natafuta mtoro," alisema Mwalimu.

Mkewe Dari aliwakumbatia wote wawili kabla hata hajajua majina yao. Wakaketi, wakanywa maji, na Mwalimu akaanza kesi.

"Kwa nini hukuja?"

"Mwalimu, sioni faida. Mkono haujasogea hata kidogo."

"Alama ziko wapi?"

Dari akaelekeza ukutani. Wote wakatazama. Ukuta ulikuwa mweupe kama shuka jipya.

"Sizioni," alisema Cherehani.

"Huwa nazipaka rangi," alisema Dari. "Ukuta unachafuka."

Cherehani akashika tumbo kwa kicheko, Mwalimu akavua miwani afute machozi, na mke wa Dari, ambaye ndipo kwanza aliposikia kwamba ile mistari ilikuwa na maana, akajipiga kofi la paja. "Yaani mimi nakuangalia kila siku unajifutia matokeo yako mwenyewe!"

"Nimefundisha miaka mingi," alisema Mwalimu alipopata pumzi, "nimeona wanafunzi wanaofuta alama mbaya. Anayefuta alama nzuri ndiyo kwanza namwona leo."

Dari alinuna. Alisimama aende zake chumbani, na alipopita karibu na dirisha akautupia ukuta jicho kwa ubavu, kama fundi yeyote anavyotazama kazi. Akasimama. Jua la mchana lilikuwa likiingia kwa upande, na rangi ikitazamwa kwa upande haifichi kitu. Kiraka kikipakwa juu ya rangi ya zamani huwa na mng'ao wake, hata kama kopo ni lile lile. Na hivi viraka vilipakwa kwa mkono wa kushoto, na mtu mwenye hasira.

"Nani kapaka uchafu huu?" alisema, kabla hajakumbuka.

Kisha akaona. Kiraka cha kwanza kilikuwa usawa wa kifua chake. Juu yake kingine, na kingine, vimepandana kama viraka vya suruali ya mtu maskini. Kimoja usawa wa bega. Kimoja usawa wa sikio. Cha jana kilikuwa juu ya kichwa chake, juu kabisa, mahali ambapo ilimbidi ainue macho kukitafuta.

"Mke wangu," alisema, "njoo simama hapa. Pale juu pana nini?"

"Panang'aa," alisema mkewe. "Ni wewe umepaka pale?"

"Ni mimi."

Alikwenda ukutani, akaweka vidole, akavipandisha mbele yao wote. Bega lilivuta, lilichoma, lakini vidole vilipanda mpaka kwenye kile kiraka cha juu vikakigusa. Mkewe alimshika kiuno kutoka nyuma, akaweka paji la uso mgongoni mwake, na kina dada wakageuka kutazama nje kwa adabu, ingawa Cherehani alichungulia.

Jioni hiyo Dari alimpigia Ngazi akasema anakuja.

Jumatatu asubuhi wakaingia ukumbini. Jukwaa la mbao lilikuwa tayari, na dari ilikuwa kubwa kama Ngazi alivyosema, imegawanywa katikati na boriti moja. Kocha alikuwa amemruhusu kwa masharti: rola ya mpini mrefu, mikono miwili, na kupumzika kabla ya kuchoka. Hayo yote Ngazi hakuambiwa. Dari alikuwa hata ameshatunga uongo wa Jumatano, kliniki ya bega, ili aendelee kwenda mazoezini bila maswali.

Walianza upande wa madirisha, bega kwa bega, kama zamani. Kazi ya dari ina sheria moja: rangi lazima ikutane mbichi kwa mbichi. Ukianza upande mmoja huachi mpaka ufike mahali pa kuishia, na hapa mahali pa kuishia palikuwa pale kwenye boriti. Ukisimama njiani, rangi inakauka ukingoni, na ukirudi unaacha mstari ambao mwenye ukumbi atautazama maisha yake yote. Ndiyo sababu dari kubwa inataka watu wawili, na wawili wanaojuana.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mkono ulipanda, rola ikanguruma, weupe ukafunguka juu ya vichwa vyao. Dari alisikia raha mpaka akaanza kupiga mluzi. Ngazi akamtazama akatabasamu, akaongeza mwendo.

Walipokaribia nusu ya njia mluzi ukakata. Bega lilianza kuwaka, kisha mkono ukaanza kutetemeka. Dari akajikaza kisabuni. Akabadilisha mshiko, akauma meno, akajiambia bado kidogo. Boriti ilikuwa mbali. Aliona rola yake inaanza kuacha michirizi, yeye, Dari! Akajua kwamba akiendelea kimya ataiharibu dari, na akisimama kimya ataiharibu vilevile. Kilichobaki ni kufungua mdomo tu, na mdomo ulikuwa mzito kuliko mkono.

"Ngazi," alisema. "Nimechoka. Shika upande wangu."

Ngazi aligeuka kama mtu aliyeitwa na sauti ya kaburini. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia maneno hayo. Lakini fundi ni fundi. Hakuuliza. Aliruka upande wa pili, akaifuta michirizi kwa mvuto mmoja safi wa rola, akarudi kwake, akaenda tena, akikimbia huku na huku jukwaani kama mpishi mwenye sufuria mbili zinazochemka. Dari akakaa chini, akapumua, akahesabu pumzi kama Kocha alivyomfundisha. Mkono ulipotulia akasimama, akachukua rola, akasema, "Nimerudi." Wakaenda hivyo, akichoka anasema, akitulia anarudi, mpaka wakaifikia boriti. Ngazi akainua uso, akatafuta mstari. Hakukuwa na mstari.

Wakakaa ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, jasho linawatiririka wote wawili.

"Hilo bega," alisema Ngazi, "bado halijapona?"

Dari angeweza kusema bado. Neno lilikuwa jepesi, liko mdomoni. Lakini alikuwa ameshasema zito kuliko hilo leo, na hakufa.

"Si bega. Nilikuwa na saratani. Ya titi."

"Titi?"

"Titi."

Ngazi alijitazama kifua chake, kisha cha mwenzake. "Sisi nasi hupata?"

"Sisi nasi hupata. Wamelitoa. Nimepona. Huu mkono ndio nauzoesha upya, na kina dada fulani pale hospitali, kila Jumatano asubuhi. Nilikuficha kwa aibu."

Dari akangoja kicheko. Alishajiandaa nacho tangu mwaka uliopita. Ngazi hakucheka. Alishika kopo la rangi, akalitazama ndani kama kuna kitu kimezama humo.

"Nimekununia mwaka mzima," alisema mwishowe. "Nilijua umenichoka. Mtu aumie bega mwaka mzima, nisiruhusiwe hata kumpelekea maji? Nikamwambia mke wangu, huyu kapata mwenza mwingine. Siku ile mlangoni kwako hukuona? Sikukaa. Nilikuja na maneno yangu makavu, nikaondoka." Akaliweka kopo chini. "Wewe unapigana na kifo, mimi nimenuna."

Akalia, jitu refu lile, bila kujificha. Dari naye akalia. Kwa aibu ya aibu yake, na kwa furaha pia, maana alikuwa amedhani anamlinda rafiki na kumbe alikuwa anampoteza. Chini yao fundi umeme aliyekuwa akipita na nyaya aliinua macho, akaona watu wazima wawili wanalia juu ya jukwaa, akadhani dari imeharibika, akaenda zake haraka.

"Na hao kina dada," alisema Ngazi, akijifuta uso kwa kiganja na kujipaka rangi nyeupe mpaka sikioni, "wanakuitaje?"

"Shemeji."

Hapo sasa kikaja kicheko, kile chenyewe, Ngazi akipiga mbao kwa kisigino mpaka jukwaa likatikisika. Dari alicheka naye mpaka bega likamuuma, na halikumsumbua.

Mchana walipaka kipande cha pili, kwa zamu, bila haraka. Jioni wakashuka, wakakaa karibu na bomba kuosha vyombo.

"Kesho tunamalizia kingo," alisema Ngazi. "Keshokutwa tunahamia kwenye kumbi ndogo za nyuma."

"Keshokutwa ni Jumatano," alisema Dari.

"Najua ni Jumatano." Ngazi aliikamua brashi, akaipiga kwenye goti kutoa maji. "Tunaanza baada ya mazoezi."

Alilisema hilo kama mtu anayesema tutaanza baada ya chai, akanyoosha mkono apewe rola inayofuata.